Foundry VTT kwa Mwenyeji wa Mtwara na Lindi: Programu Ni Nzuri, Kazi Iko kwenye Anwani

Foundry Virtual Tabletop ni programu ya kuendeshea michezo ya kuigiza wahusika, ile ya mezani yenye dadu, ramani na karatasi za wahusika kama Dungeons & Dragons, kila mchezaji akiwa kwake. Ilitoka Mei 2020. Inanunuliwa mara moja kwa dola 50, ambazo kwa viwango vya karibuni ni zaidi ya shilingi laki moja na elfu ishirini, na baada ya hapo hakuna ada ya mwezi. Anayelipa ni mwendesha mchezo peke yake. Wengine wanafungua kivinjari, wanaandika anwani, wanaingia. Malipo yanafanyika kwa kadi, na kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard inayotolewa kupitia pesa za simu inatosha.

Kwa kikundi chenye mmoja Shangani, mwingine Masasi, wawili Nachingwea na mmoja Kilwa Masoko, hiyo ni bei nzuri sana. Kuna jambo moja tu ambalo tovuti ya bidhaa haiwezi kumwambia mnunuzi wa kusini mwa Tanzania. Roll20, mshindani wake mkubwa, inakaa kwenye seva za kampuni yenyewe, lakini Foundry inaigeuza kompyuta yako kuwa seva. Ramani, sauti, karatasi za wahusika, vyote vinatoka kwenye laptopu yako na kupita kwenye laini yako kwenda kwa wenzako. Uhuru wote wa programu hii unatoka hapo, na karibu matatizo yote ya kuunganishwa yanatoka hapohapo.

Tunaipendekeza, na tunaipendekeza kwa nguvu. Lakini usiguse mipangilio ya ruta kabla hujajua kama laini yako ina anwani ya IP ya umma, yaani namba inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti. Mafunzo mengi ya kufungua poti, yaani mlango wenye namba ambao ruta inaruhusu wa nje wapite, yameandikwa kwa ajili ya watu wenye faiba au kebo ambayo kila nyumba imepewa anwani yake. Anayeyafuata akiwa na ruta ya laini ya simu Ligula au Mtanda atafungua poti mpaka kuche, na hakuna atakayeingia.

Anza ndani, toka nje

Mchezaji akisema "haifunguki", tatizo linaweza kuwa sehemu nne: kwenye programu, kwenye kompyuta, kwenye WiFi ya nyumbani, au kwenye mtandao wa nje. Wanaopoteza muda ni wale wanaoanza na sehemu ya nne.

Washa Foundry, fungua ulimwengu wa mchezo, kisha kwenye kompyuta hiyohiyo andika kwenye kivinjari http://localhost:30000. Foundry inasikiliza poti ya TCP 30000 isipokuwa uibadilishe mwenyewe. Ikifunguka, programu ni nzima. Isipofunguka, huenda kuna programu nyingine imeshikilia poti hiyo, au Foundry ya zamani haijafungwa sawasawa na bado inaishi nyuma ya pazia. Fungua Task Manager uizime.

Kisha chukua simu iliyoko kwenye WiFi ileile. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika ipconfig, tafuta mstari wa IPv4 Address, mathalani 192.168.8.105, na kwenye simu andika http://192.168.8.105:30000. Hiyo http:// usiiache, kwa sababu vivinjari vya sasa hujaribu njia yenye usimbaji kwanza, na Foundry ya nyumbani haina cheti cha usimbaji. Mtu anaona ukurasa wa makosa, anadhani seva imekufa.

Simu ikishindwa wakati localhost inafanya kazi, mshukiwa wa kwanza ni Windows Defender Firewall. Siku ya kwanza kuwasha Foundry, Windows huuliza kama iruhusu. Ukibonyeza kukataa, au ukafunga kidirisha kwa haraka, Windows inaandika sheria ya kuzuia. Kinachowasumbua wengi ni kwamba sheria ya kuzuia inashinda sheria ya kuruhusu. Unaweza kuongeza ruhusa ya poti 30000 mara tatu na bado mlango ukabaki umefungwa. Bonyeza Windows na R, andika wf.msc, ingia Inbound Rules, tafuta mistari yote ya Foundry Virtual Tabletop yenye alama nyekundu, uifute. Ndipo uongeze ruhusa. Angalia pia kama WiFi ya nyumbani imewekwa kuwa Private. Ikiwa Public, kuna ruhusa ambazo hazitatumika.

Mshukiwa wa pili ni ruta yenyewe. Nyingi zina WiFi ya wageni au kipengele cha kutenganisha vifaa, ambapo simu na laptopu zote zinapata intaneti lakini hazionani. Kizime, au hamia kwenye WiFi kuu.

Je, una anwani ya umma?

Hili ni swali la dakika mbili na ndilo linaloamua mambo yote yanayofuata. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (Huawei nyingi za laini ziko 192.168.8.1, TP-Link mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1), tafuta sehemu ya hali ya muunganisho, uandike anwani ya WAN, yaani ile ruta iliyopewa na mtoa huduma. Halafu fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP. Zikifanana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, uko nyuma ya ukuta wa mtoa huduma.

Mara nyingi hata huhitaji kulinganisha. Anwani ya WAN ikianza na 10, au 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, si ya umma. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 pia si ya umma: fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 mahususi kwa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, mpango unaoitwa CGNAT. Anwani za kawaida za intaneti (IPv4) ni haba duniani, na kampuni za simu zina mamilioni ya wateja, kwa hiyo hali hii ndiyo ya kawaida kwenye laini za simu.

Ni kama barua kwa S.L.P. ya shule. Inafika shuleni, lakini kama juu haikuandikwa jina la mwanafunzi, haitamfikia mtu. Kufungua poti kwenye ruta yako ni kuacha mlango wa bweni wazi. Anayepaswa kujua jina lako ni mtu wa ofisini, na huyo humwongozi wewe.

Foundry yenyewe inachanganya watu hapa. Ukifungua Invitation Links kwenye mipangilio ya mchezo, inakupa anwani mbili, ya ndani na ya intaneti. Ya intaneti inatafutwa kwa kuuliza nje "mimi naonekana kwa anwani gani?", kwa hiyo hata aliye nyuma ya CGNAT anaonyeshwa anwani nzuri ya umma. Anainakili, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna anayeingia. Anwani hiyo ni ya kampuni, si yako.

Wenye bahati ya anwani ya umma

Faiba ya nyumbani ina nafasi kubwa zaidi ya kukupa anwani ya umma kuliko laini ya simu, na kwa baadhi ya watoa huduma anwani maalumu hutolewa kwa ombi au kwa malipo ya ziada. Uliza dukani kabla ya kusaini, na uliza kwa maneno haya: "Nataka anwani ya IP ya umma, isiyo ya kushirikiana." Ukiuliza tu kama intaneti ni ya kasi, utajibiwa ndiyo na hutakuwa umejua lolote.

Ukishaipata, kazi ni fupi. Ipe laptopu anwani isiyobadilika ndani ya ruta kwa kuihifadhi kwenye orodha ya DHCP (sehemu ya ruta inayogawa anwani za ndani) kulingana na namba ya MAC, ile ya kudumu ya kifaa, maana ruta ikiwashwa upya inaweza kumpa anwani ileile mtu mwingine na poti ikaelekea kwenye televisheni. Elekeza poti ya TCP 30000 kwenda kwenye anwani hiyo. UDP haihitajiki. Foundry ina UPnP, njia ya programu kuiomba ruta ifungue poti, inayojaribu kufanya haya yenyewe. Ikifanya, vizuri, lakini ruta nyingi zimeizima.

Jaribu kwa simu iliyozimwa WiFi, ikitumia bando. Ukijaribu kutoka ndani ya nyumba kwa anwani ya nje, ruta nyingi hazijui kurudisha mzigo ndani, na utadhani umeshindwa kumbe umefaulu. Kama fundi alifunga kifaa cha faiba na wewe ukaongeza ruta yako nyuma yake, una ruta mbili zinazotafsiri anwani; ama kifaa cha kwanza kiwekwe hali ya daraja (bridge), ama uelekeze poti mara mbili, kutoka cha kwanza kwenda cha pili, kisha kwenda kwenye laptopu. Usitumie DMZ, inayofungua poti zote za kompyuta kwa wakati mmoja. Weka nywila ya msimamizi na nywila kwa kila mchezaji kabla ya kufungua chochote, kwa sababu poti iliyo wazi hupapaswa na roboti za mtandaoni muda wote.

Anwani ya umma inaweza kubadilika umeme ukikatika. Jina la DNS (jina la maneno badala ya namba) linalojisasisha lenyewe linaondoa usumbufu wa kutuma anwani mpya kila wiki.

Kuhusu IPv6, mfumo mpya wa anwani: haina shida ya CGNAT, lakini kila mchezaji lazima awe nayo na ruta yako iruhusu miunganisho inayoingia. Mmoja akikosa, yuko nje. Usiitegemee peke yake.

Wengine wote: handaki

Kwa wenyeji wengi wa Mtwara na Lindi, njia tunayoipa alama za juu ni Cloudflare Tunnel. Siri yake ni kwamba laptopu yako ndiyo inayopiga kwenda nje, jambo ambalo CGNAT hailizuii, halafu wachezaji wanapita kwenye njia hiyo iliyokwisha kufunguka. Huhitaji anwani ya umma wala kuigusa ruta.

Kwenye Windows andika winget install --id Cloudflare.cloudflared, funga dirisha la amri, fungua jipya, halafu:

cloudflared tunnel --url http://localhost:30000

Baada ya sekunde chache itakuandikia anwani ndefu inayoishia na trycloudflare.com. Itume kwa wachezaji. Dirisha lile la amri lisifungwe mpaka mchezo uishe. Anwani ni ya https, kwa hiyo kivinjari hakitalalamika.

Yanayoharibika ni haya. Kwanza, anwani hubadilika kila ukiwasha upya. Mwenye kuchoka na hilo anunue jina la tovuti na kutengeneza handaki la kudumu kwenye akaunti yake ya bure. Pili, ukishakuwa na faili la config.yml ndani ya folda ya .cloudflared, handaki la haraka litakataa kuwaka mpaka ulibadilishe jina faili hilo. Tatu, na hili ndilo linalowapata wa laini za simu: cloudflared hupenda kupita kwa UDP kwenye poti 7844, na baadhi ya mitandao huibana UDP. Ukiona inaunganika na kukatika kila baada ya muda mfupi, ongeza --protocol http2 mwishoni mwa amri. Nne, mpango wa bure una kikomo cha MB 100 kwa faili moja unalopakia kupitia handaki. Hicho hakikuhusu ukipakia ramani kupitia localhost, na ndivyo inavyofaa kufanya.

Mwenye handaki la kudumu afungue %localappdata%\FoundryVTT\Config\options.json, aweke hostname kuwa jina la tovuti yake, proxySSL kuwa true na proxyPort kuwa 443, kisha awashe Foundry upya. Bila hivyo viungo vya mwaliko vitaandikwa kwa http na poti 30000, na mchezaji atakayevibonyeza hatafika.

Tailscale na ZeroTier, programu zinazounganisha kompyuta zenu kama ziko mtandao mmoja, nazo zinafanya kazi, na tunazipa alama za chini kidogo kwa sababu mbili. Kila mchezaji lazima asakinishe programu na kuingia kwenye akaunti, na kwa kikundi chenye watu wasiopenda mambo ya mipangilio hilo linaua jioni nzima. Pia ni mitandao binafsi ya mtindo wa VPN, na Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kutoa taarifa zao kwake, ikiwemo anwani ya IP. Anayechagua njia hiyo alijue hilo mapema. Jambo la kiufundi la kukumbuka: Tailscale inatoa anwani kutoka fungu lilelile la 100.64, hivyo usiichanganye na ile ya WAN ukiwa unachunguza CGNAT.

Seva ya kukodi

Handaki linatatua anwani, lakini kila ramani bado inapanda kutoka nyumbani kwako. Kama kasi yako ya kupakia ni ndogo, au umeme wa kwenu haueleweki, kodi seva. Mashine ya Ubuntu (aina ya Linux) yenye RAM ya GB 2 na diski ya GB 20 inatosha kikundi kimoja. Utahitaji Node.js, programu ambayo Foundry hukimbia juu yake; Foundry toleo la 13 linataka Node 20 au zaidi. Kiungo cha kupakulia toleo la Node kutoka kwenye akaunti yako ya Foundry kinakufa baada ya dakika 5, kwa hiyo usikinakili kisha ukaenda kupika. Anzisha kwa kutumia --dataPath ukielekeza folda iliyo nje ya ile ya programu, ili kusasisha kusifute michezo.

Leseni moja inaruhusu seva moja kwa wakati mmoja. Zima ya laptopu kwanza.

Oracle imekuwa ikitoa mashine ndogo za bure, na ina kituo Johannesburg, ambacho kwa sisi wa kusini ni karibu kuliko Ulaya. Kosa linalowashinda watu huko ni kufungua poti kwenye orodha ya usalama ya tovuti ya Oracle na kuishia hapo, wakati Ubuntu yao ina sheria za iptables (ukuta wa moto wa Linux) ndani ya mashine zinazozuia kila kitu isipokuwa SSH, njia ya kuiendesha seva kutoka mbali. Fungua sehemu zote mbili.

Karibu hakumaanishi salama, lakini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kaskazini mwa Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Njia ya kwenda Afrika Kusini ndiyo iliyokatika. Hapa Foundry ya nyumbani inaonyesha thamani ambayo Roll20 haina: leseni ikishathibitishwa mara ya kwanza, programu haihitaji intaneti kabisa. Watu watano wakikusanyika nyumba moja Chikongola na laptopu zao, WiFi ya ruta isiyo na hata MB moja ya bando inatosha kucheza usiku mzima kwa anwani ya 192.168. Roll20 siku hiyo haifunguki.

Imeunganika lakini inaburuta

Hapa ndipo mwenyeji hulaumu mtandao kwa makosa ya ramani. Piga hesabu. Ramani ya PNG ya MB 10 kwa wachezaji 5 ni MB 50, sawa na megabiti 400. Kwa kasi ya kupakia ya Mbps 2, hizo ni sekunde 200, zaidi ya dakika tatu za kila mtu kuangalia skrini tupu. Ramani ileile ikigeuzwa WebP ya ubora wa 80 inaweza kushuka hadi karibu MB 2. Sasa ni sekunde 40. Hakuna kifurushi cha bei yoyote kitakachokupa mabadiliko hayo kwa bure. Muziki nao ugeuzwe OGG, usiweke WAV.

Kisha pakia mapema. Kwenye orodha ya matukio juu ya skrini bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Preload Scene, na kila aliyekwisha kuingia ataanza kupokea ramani hiyo wakati ninyi bado mnaongea na mlinzi wa lango. Fanya hivyo nusu saa kabla ya pambano, si wakati wa pambano. Ikishapokelewa inabaki kwenye akiba ya kivinjari, hivyo mchezaji asitumie dirisha la siri, ambalo husahau kila kitu.

Mchezaji anapoingia, Foundry inamtumia wahusika, vitu na maandishi yote yaliyomo kwenye ulimwengu. Mazimwi mia tatu ambayo hamtayatumia wiki hii yahamishie kwenye kompendia, ghala la ndani ya Foundry ambalo husomwa pale tu linapofunguliwa. Moduli, yaani programu za nyongeza, nazo zipunguze. Ukishuku moduli, washa ulimwengu kwa hali salama, ambayo huzizima zote. Kuingia kukiwa kwepesi ghafla, umempata mhalifu.

Dalili moja inayodanganya mara nyingi: mchezaji anaona gumzo, dadu zinaviringika, lakini ramani ni nyeusi. Hilo si la mtandao. Picha ya pikseli 8192 kwa 8192, hata kama faili lake ni MB 4, ikifunguliwa kwenye kadi ya picha inakula MB 256 za kumbukumbu, na laptopu ya ofisini hushindwa. Ipunguze hadi 4096 kwa 4096, itakula MB 64. Angalia pia kama kivinjari kimeruhusiwa kutumia kadi ya picha kwenye mipangilio yake.

Kwa upande wa hewani, fungua madirisha mawili ya amri: ping -t 192.168.8.1 kwenye moja, ping -t 8.8.8.8 kwenye jingine. Ya kwanza inapima njia hadi ruta yako, ya pili intaneti ya nje. Ruta yako ikijibu kwa milisekunde 200, WiFi ndiyo mbovu. Tumia kebo ya LAN, na kwa nyumba za karibu na bahari kagua vichwa vya kebo, maana hewa ya chumvi hugeuza shaba kuwa ya kijani na mguso unakuwa wa kubahatisha. Ruta ikijibu kwa milisekunde 2 na 8.8.8.8 ikaruka kutoka 60 hadi 900, kuna kitu kinajaza njia ya kupakia: picha za simu zinahifadhiwa, Windows inasasisha. Weka WiFi ya laptopu kuwa ya kupimiwa bando (Metered connection) na uzime uhifadhi wa picha kwenye simu zote za nyumbani kwa saa hizo.

Ikiwa ni ruta ya laini, tazama RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele) kwenye ukurasa wake. RSRP ya −90 au bora ni nzuri, −110 ni dhaifu. SINR chini ya 0 ina maana mnara unasikika ila kelele ni nyingi, na hapo kuongeza bando hakusaidii kitu. Nyumba za mawe za zamani za Mikindani zina kuta nene zinazokula mawimbi; kuhamisha ruta kutoka sebuleni hadi dirishani upande wa mnara kunabadilisha namba hizo papo hapo. Na kama jioni mtandao unashiba watu, sogezeni mchezo uwe Jumamosi asubuhi.

Sauti iende njia nyingine. Foundry ina sauti na video zake, lakini kila mtu hutuma mkondo kwa kila mwenzake moja kwa moja. Kwa watu sita kila laini inapandisha mikondo mitano, na CGNAT huikwamisha. Bila https kivinjari hata hakikuruhusu kufungua maikrofoni. Tumieni Discord au simu ya kundi ya WhatsApp, bila video. Mkondo wa sauti wa kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban MB 29 kwa saa, bando la kawaida linaubeba.

Umeme: kwenye mipangilio ya laptopu weka kufunga kifuniko kusifanye chochote, na uzime kulala, la sivyo seva italala nayo. Ruta ya volti 12 inayokula wati 8 itaishi karibu saa tatu kwa UPS ndogo ya mAh 8,800, kwa kuwa uwezo huo huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri, yaani wati-saa 32 na ushei, na kidogo hupotea njiani. Hakikisha kichwa cha plagi kinaingia kabla ya kulipa.

Kinachotuzuia kuipa nyota tano

Simu. Foundry imejengwa kwa skrini ya angalau 1366 kwa 768 na kipanya. Kwenye simu karatasi ya mhusika inafunika ramani, kete zinazowakilisha wahusika kwenye ramani hazishikiki kwa kidole, na betri inakwisha. Katika miji yetu mchezaji mwenye simu pekee ni wa kawaida kabisa, na kikundi chenye wawili au watatu wa aina hiyo kitateseka hata handaki likiwa safi.

Tunaipa nyota nne kwa kikundi ambacho kila mtu ana laptopu, na mbili kwa kikundi cha simu. Hao wa pili waanze na Owlbear Rodeo, meza nyepesi ya mtandaoni: inakaa kwenye seva za wenyewe, inafunguka vizuri kwenye kivinjari cha simu, ina ramani, kete na dadu bila sheria za mchezo ndani yake, na hakuna poti ya kufungua. Karatasi za wahusika ziandikwe kwenye daftari.